Afisa wa Buluu katika Jiji Jeupe

Mwaka 1842 mwanasayansi wa Uingereza, John Herschel, aligundua kwamba karatasi iliyopakwa chumvi za chuma, ikianikwa juani kisha ikaoshwa kwa maji matupu, hubaki na picha ya rangi ya buluu iliyokolea. Desemba ya mwaka huohuo, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, alizaliwa mtoto aliyepewa jina la Edmund Rice. Nusu karne baadaye karatasi ya Herschel na mtoto yule, sasa kanali mwenye medali kifuani, walikuwa mahali pamoja: Jackson Park, kusini mwa Chicago, kwenye ufuko wa Ziwa Michigan. Hapo ndipo Marekani ilipofanya maonesho ya dunia ya kuadhimisha miaka 400 tangu Christopher Columbus afike Amerika.

Maonesho hayo yalifunguliwa na Rais Grover Cleveland tarehe 1 Mei 1893 na kufungwa mwishoni mwa Oktoba. Yameandikwa sana, na wanaoyaandika huanza na majengo meupe, taa za umeme na gurudumu kubwa la Ferris. Mimi nataka kuanza na mtu wa sare. Amesimama wima, mkono kwenye kipini cha upanga, nyuma yake nguzo za jumba kubwa, na picha nzima ni buluu tupu. Picha za namna hiyo zilipigwa na watu wa kawaida, zikachapishwa majumbani mwao na kubandikwa kwenye albamu za familia, na nyingine zimefika hadi kwenye maktaba. Kitaalamu huitwa sayanotaipu. Ukizitazama bila haraka, zinakuonyesha upande ambao picha rasmi ziliupita: Jackson Park ya 1893 ilikuwa pia uwanja wa wanajeshi, na swali la nani avae sare pale lilikuwa swali la nani anahesabiwa kuwa raia.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kabla ya 1891 sehemu kubwa ya Jackson Park haikuwa bustani ila kwa jina. Ilikuwa matuta ya mchanga na madimbwi, na mialoni iliyodumaa kwa upepo wa ziwani. Frederick Law Olmsted na mwenzake Calvert Vaux walikuwa wamechora mpango wa kuigeuza bustani tangu 1871, lakini Oktoba ya mwaka huo moto mkubwa uliteketeza katikati ya Chicago, na fedha na nguvu za mji zikaelekezwa kwingine. Mpango ukalala karibu miaka 20. Mwaka 1890 Bunge la Marekani lilipoichagua Chicago iandae maonesho, baada ya kuzishinda New York, Washington na St. Louis, Olmsted akarudi kwenye tope lilelile. Safari hii alichimbisha mabwawa, akatumia mchanga uliotolewa kuinua viwanja vya majengo, na katikati akaacha kisiwa cha miti.

Msimamizi mkuu wa ujenzi alikuwa msanifu Daniel Burnham. Mshirika wake, John Root, alikufa Januari 1891 kazi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, na Burnham akabeba mzigo. Majengo yalisimama kwa kasi ambayo hata leo inashangaza. Jumba la Viwanda peke yake lilikuwa na urefu wa futi 1,687 na upana wa futi 787, yaani kama mita 514 kwa 240. Siri ya kasi hiyo ni kwamba hayakujengwa yadumu. Mifupa yake ilikuwa chuma na mbao. Ngozi yake ilikuwa mchanganyiko wa jasi, saruji na nyuzi, uliomiminwa kwenye kalibu ukatoka nguzo, malaika na simba, kisha ukapakwa rangi nyeupe. Kwa hiyo watu wakayaita Jiji Jeupe. Ramani za majengo ya zama hizo zilinakiliwa kwa ileile njia ya Herschel, mistari myeupe juu ya buluu. Mafundi wa Marekani walikuwa wakifanya kazi na karatasi ya buluu mikononi kabla mgeni yeyote hajaleta kamera.

Jiji lilihitaji askari wake. Wasimamizi walianzisha kikosi maalumu, Walinzi wa Columbus, kilichofika watu wapatao 2,000, na uongozi wake ukapewa Edmund Rice.

Rice alikuwa mwanajeshi wa kweli, si mtu wa gwaride tu. Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe alipigana upande wa Muungano, akiwa katika kikosi cha 19 cha askari wa miguu cha Massachusetts, na tarehe 3 Julai 1863, kule Gettysburg, aliongoza shambulio la kuwarudisha nyuma askari wa Kusini waliokuwa wamevunja safu. Akaanguka na jeraha kubwa, ndani ya mistari ya adui. Medali ya Heshima alipewa mwaka 1891, miaka 28 baada ya tukio, katika kipindi ambacho Marekani ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za vita hiyo na kuwapamba wazee wake. Kati ya hapo alikuwa ametumikia kikosi cha Tano cha askari wa miguu, chini ya Nelson Miles, wakati kikosi hicho kikiwaandama Walakota, wenyeji asilia wa Amerika, katika nyika za Montana. Alikuwa pia mbunifu: alitengeneza singe yenye umbo la mwiko wa mwashi, ili askari aweze kuchomea adui na pia kuchimbia handaki, na jeshi likaichukua kwa maelfu. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa ulinzi wa majumba ya jasi.

Sare aliyowavika walinzi wake ilikuwa ya rangi ya buluu hafifu, na glavu nyeupe, na upanga mfupi ubavuni. Penye baridi walivaa joho jeusi lenye bitana ya njano. Kazi zao zilikuwa za kila namna: kuelekeza wageni, kukamata wezi wa mifukoni, kuzima moto, kuwabeba waliozirai kwa joto la Julai. Walitembea na kusimama kijeshi, na mgeni kutoka shambani Iowa aliyewaona kwa mara ya kwanza asingeweza kwa urahisi kuwatenganisha na askari wa serikali. Maofisa halisi nao walikuwepo kwa wingi. Jeshi la majini lilikuwa na manowari ya mfano iitwayo Illinois, yenye ukubwa wa manowari kamili, iliyojengwa kwa matofali na saruji juu ya nguzo zilizokitwa ziwani, ikiwa na mabaharia na mizinga. Kampuni ya Krupp ya Ujerumani ilikuwa na jumba lake kando ya maji, na ndani yake mzinga wenye uzito wa zaidi ya tani 100. Agosti wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point waliletwa wakapiga kambi uwanjani. Wageni walijipanga kutazama mizinga kama walivyojipanga kutazama mashine za kufumia.

Sasa kamera. Maonesho yalimpa haki ya picha rasmi mtu mmoja, Charles Dudley Arnold. Alikuwa fundi hodari, mwenye jicho la msanifu, na alitumia mabamba makubwa ya kioo na karatasi za platinamu zinazotoa kijivu laini kabisa. Katika picha zake nyingi majumba yametawala na watu ni wachache, vidoa tu penye ngazi pana. Wasimamizi walitaka hivyo, na walitaka pia wageni wanunue picha hizo badala ya kupiga zao. Kamera ya miguu mitatu ikapigwa marufuku. Aliyetaka kuingia na kamera ya mkononi, ya bamba lisilozidi inchi 4 kwa 5, alilipa dola 2 kwa siku. Kiingilio cha mtu mzima kilikuwa senti 50, kwa hiyo kamera ililipiwa mara 4 ya mwenyewe.

Watu wakalipa. Kodak ya kwanza ilikuwa imeingia sokoni mwaka 1888, na upigaji picha ulikuwa umeshatoka mikononi mwa wenye studio. Waliporudi nyumbani na negativu zao, wengi hawakuwa na pesa wala subira ya kuchapisha kwa karatasi ya madini ya fedha, inayodai dawa nyingi na kumalizia kwa uangalifu. Wakatumia karatasi ya buluu.

Njia yake ni rahisi kiasi kwamba hadi leo walimu huitumia kuwafundishia watoto. Unachukua sitrati ya chuma na amonia, unaiyeyusha kwenye maji. Kwenye chombo kingine unayeyusha ferisianidi ya potasiamu. Kila moja peke yake haina makuu. Ukizichanganya sawasawa na kupaka karatasi kwa brashi chumbani penye mwanga hafifu, unapata karatasi ya njano inayoelekea kijani. Ikikauka, unaweka negativu juu yake, unabana kwa kioo kwenye fremu, unatoka nje. Jua linafanya kazi dakika kadhaa hadi zaidi ya robo saa, kutegemea mawingu. Rangi inageuka, kwanza kijani cha bahari, halafu kijivu chenye mng'ao wa shaba, na hapo asiyezoea hudhani ameiunguza. Unaitia kwenye beseni la maji. Njano inayeyuka na kuondoka, na palipopigwa na jua panaibuka buluu, ikizidi kukolea kadiri karatasi inavyokauka. Hakuna chumba cha giza, hakuna dawa ya kusafishia picha. Maji ya kisima yanatosha. Karatasi zilizokwisha kupakwa ziliuzwa madukani, hivyo hata kuchanganya hakukuwa lazima.

Urahisi huu ndio uliofanya mabingwa waidharau. Walisema buluu haifai uso wa mtu; inafaa mwani na ramani. Mwani kwa sababu Anna Atkins, Mwingereza mwenzake Herschel, alianza mwaka 1843 kutoa kitabu cha mwani kilichochapishwa chote kwa njia hii, na hicho huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza chenye picha za fotografia. Ramani kwa sababu ya wahandisi. Mimi nadhani mabingwa walikosea kuhusu uso. Buluu inaondoa anasa ya studio, ile kahawia ya kubembeleza, na kukuachia mtu na mwanga wa siku ile.

Kuna jambo lingine ambalo mtazamaji wa leo lazima alijue kabla hajasema chochote kuhusu sare. Mabamba mengi ya kioo ya zama zile yaliona vizuri mwanga wa buluu na kuwa kama vipofu kwa njano na nyekundu. Kitu cha buluu hafifu kilitokea cheupe kwenye picha. Kitu cha njano kilitokea cheusi. Mchukue basi mlinzi wa Rice. Koti lake la buluu hafifu linapauka hadi kukaribia rangi ya glavu zake. Bitana ya njano ya joho, ambayo uwanjani ilimeremeta, inazama gizani. Nyuzi za dhahabu za afisa, zile zilizoshonwa ili zionekane kwa mbali, zinakuwa mistari myeusi begani. Uso uliounguzwa na jua unaonekana mweusi kuliko ulivyokuwa, na macho ya kibuluu yanaonekana karibu meupe. Halafu picha hiyo yote, iliyokwisha kupinduliwa rangi zake, inachapishwa kwa buluu. Koti lililokuwa na rangi ya buluu ni sehemu mojawapo ya picha ambayo imekosa buluu. Wengi wanaojaribu kumtambua afisa asiye na jina nyuma ya picha hupotea hapo. Husoma vivuli kama rangi. Cha kutegemea ni umbo: upanga ni mfupi au mrefu, vifungo viko safu moja au mbili, kofia ina nini mbele, begani kuna nini.

Nani basi walikuwa ndani ya sare hizo? Nimtaje mmoja aliyetoka ng'ambo. Hispania iliunda upya merikebu tatu za Columbus na kuzipeleka Marekani, na ile kubwa, Santa María, ilivuka Atlantiki chini ya Kapteni Víctor Concas wa jeshi la majini la Hispania. Zilitia nanga Jackson Park karibu na mfano wa nyumba ya watawa ya La Rábida. Concas na wenzake walipokewa kwa karamu na mizinga ya heshima. Miaka 5 baadaye, Julai 1898, nahodha huyohuyo alikuwa anaongoza meli ya bendera ya Hispania, Infanta María Teresa, ilipotoka bandari ya Santiago de Cuba na kuangamizwa na manowari za Marekani. Akatekwa. Marekani ikachukua Puerto Rico, Guam na Ufilipino, na mwaka 1899 Edmund Rice akaenda Ufilipino akiwa kamanda wa kikosi cha 26 cha kujitolea, kupigana na Wafilipino waliokuwa wakidai uhuru wao katika kisiwa cha Panay. Albamu ya familia yenye afisa wa Kihispania kwenye ukurasa mmoja na afisa wa Kimarekani ukurasa unaofuata haina dalili ya lolote kati ya hayo. Wote wawili wamesimama vizuri, wamechana ndevu zao.

Afisa mwingine hakuwepo, lakini kivuli chake kilikuwepo. Alfred-Amédée Dodds, mzaliwa wa Saint-Louis, Senegal, naye pia wa mwaka 1842, mwenye damu ya Kiafrika na ya Kizungu, aliliongoza jeshi la Ufaransa lililoingia Abomey, mji mkuu wa Dahomey, Novemba 1892. Mfalme Béhanzin aliendelea kupigana porini hadi Januari 1894. Katikati ya tarehe hizo mbili, kwenye barabara ya burudani iliyoitwa Midway Plaisance, iliyotoka Jackson Park kuelekea magharibi, palikuwa na kijiji cha kuonyeshwa kilichoitwa kijiji cha Dahomey. Watu walilipa kuingia kuwatazama Waafrika wakicheza ngoma kwenye baridi ya ziwa, na magazeti yakawachora kama vikatuni. Midway ilikuwa pia na kibanda kilichoelezwa kuwa cha Sitting Bull, kiongozi wa Walakota aliyeuawa Desemba 1890. Kibanda hicho kilikuwa bidhaa katika maonesho yaliyolindwa na kamanda ambaye kikosi chake cha zamani kilipigana na watu wa Sitting Bull.

Na Wamarekani Weusi? Hapa ndipo picha ya mlinzi inaponiuma zaidi. Ida B. Wells, mwandishi aliyefukuzwa Memphis kwa kuandika dhidi ya mauaji ya watu weusi mikononi mwa magenge, aliungana na mzee Frederick Douglass, mwanasheria Ferdinand Barnett na Garland Penn, wakatoa kijitabu cha kueleza kwa nini Mmarekani Mweusi hayumo katika maonesho yale. Barnett aliandika kuhusu ajira. Alisimulia habari za kijana Mweusi aliyeomba kazi kwenye Walinzi wa Columbus, akakataliwa na daktari kwa madai kwamba kifua chake hakikufika kipimo. Alipopimwa kwingine, kilifika. Hakupewa kazi. Kwa mujibu wa kijitabu, kikosi chote kile cha watu 2,000 hakikuwa na mlinzi Mweusi hata mmoja, ingawa wanaume Weusi wapatao 180,000 walikuwa wamevaa sare ya buluu ya jeshi la Muungano katika vita ileile iliyompa Rice medali yake.

Kwa hiyo ninapoona sare hiyo kwenye karatasi ya buluu siwezi kuitazama kama vazi tu. Futi ya kupimia kifua imo ndani yake. Douglass mwenyewe hakuwa na nafasi ya uwakilishi katika jumba lolote la nchi yake. Alikuwemo kwa sababu Haiti, alikokuwa amewahi kuwa balozi wa Marekani, ilimteua kuwa mwakilishi wake. Jumba dogo la Haiti ndilo lililokuwa ofisi ya Wells ya kugawia kijitabu, na karani wa Douglass pale alikuwa kijana mshairi, Paul Laurence Dunbar. Tarehe 25 Agosti ilitengwa kuwa siku ya Wamarekani Weusi. Wells aliipinga kama dharau. Douglass, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, aliona afadhali apande jukwaani aseme. Alikatizwa na wazomeaji, akaweka karatasi zake kando, akaendelea kwa kichwa. Aliyoyasema yalimfanya Wells amwendee kumtaka radhi.

Tukirudi uwanjani, maonesho yaliisha kwa msiba. Tarehe 28 Oktoba, siku mbili kabla ya kufungwa, meya wa Chicago, Carter Harrison, alipigwa risasi nyumbani kwake. Sherehe za kufunga zikafutwa. Watu zaidi ya milioni 27 walikuwa wameingia, wakati Marekani nzima haikufika milioni 70. Majira ya baridi yakaingia na uchumi ukiwa umeanguka, watu wasio na makazi wakilala kwenye majumba matupu.

Halafu jeshi likarudi, safari hii si kwa gwaride. Juni 1894 wafanyakazi wa reli waligoma kuwaunga mkono mafundi wa kiwanda cha mabehewa cha Pullman, na Rais Cleveland, aliyefungua maonesho mwaka uliotangulia, akatuma askari wa serikali kuu Chicago. Kamanda wao alikuwa Jenerali Miles, mkubwa wa zamani wa Rice. Jioni ya tarehe 5 Julai, mji ukiwa katika ghasia za mgomo huo, moto uliwaka Jackson Park na kuteketeza majumba makuu yaliyozunguka bwawa kuu. Jasi, mbao kavu na upepo wa ziwani vilimaliza kazi kwa muda mfupi. Picha za Arnold zikabaki kuwa mji wenyewe. Picha za buluu nazo zikabaki, zikiwa na mambo ambayo Arnold hakuyapa nafasi: mlinzi anayepiga miayo, mama na kapu la chakula, mabaharia wa manowari ya matofali wakicheka na wasichana, kivuli cha mpiga picha kwenye changarawe.

Buluu hiyo ni imara kuliko watu wanavyodhani, ila ina tabia zake. Ikikaa kwenye mwanga mkali siku nyingi hupauka; ikirudishwa gizani penye hewa hurudisha sehemu kubwa ya rangi yake, jambo ambalo picha za fedha haziwezi. Adui yake mkubwa ni magadi na kila kitu chenye chokaa. Hata karatasi za kisasa za kuhifadhia, zilizotiwa chokaa makusudi ili kuzuia asidi, hudhuru sayanotaipu. Mhifadhi anayejua kazi huitafutia karatasi isiyo na nyongeza yoyote. Nasisitiza hili kwa sababu picha hizi zinaharibiwa na watu wenye nia njema, na kila inayopauka inaondoka na uso wa mtu ambaye mara nyingi hakuandikwa jina popote.

Jumba moja la Jiji Jeupe lilinusurika: Jumba la Sanaa. Kwa kuwa lilikuwa na michoro ya thamani kubwa kutoka nchi nyingi, lilijengwa kwa matofali chini ya jasi ili lisishike moto. Mwaka 1894 likafunguliwa kuwa makumbusho yaliyokusanya vitu vilivyoachwa na maonesho, na makumbusho hayo ndiyo Field Museum ya leo, iliyohamia jengo jipya karibu na katikati ya mji mwaka 1921. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu yao ya kuifahamu. Simba wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898, wamo humo. John Henry Patterson, aliyewaua, naye afisa wa jeshi, alikaa na ngozi zao kwa miaka akizitumia kama mazulia, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa makumbusho hayo kwa dola 5,000. Jumba la zamani la Jackson Park lilibomolewa ngozi yake ya jasi, likavikwa mawe ya kudumu, na tangu 1933 ni makumbusho ya sayansi na viwanda.

Edmund Rice alistaafu akiwa brigedia jenerali mwaka 1903, akafa 1906, akazikwa Arlington. Ndani ya bustani, badala ya sanamu kubwa ya Jamhuri ya wakati wa maonesho, iliyokuwa na urefu wa futi 65, imewekwa tangu 1918 nakala ndogo yake iliyopakwa dhahabu. Upande wa magharibi wa bustani hiyohiyo, mwaka 2021, ulianza ujenzi wa kituo cha kumbukumbu za urais wa Barack Obama, mtoto wa baba aliyetoka Siaya, na Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa Amiri Jeshi Mkuu wa nchi ile. Wakazi wa South Side hawakukubaliana juu ya mradi huo. Wako walioufurahia tangu siku ya kwanza, wako waliokwenda mahakamani kutetea miti na mpango wa Olmsted, na wako waliodai sheria ya kuwalinda wapangaji, kwa hofu kwamba kodi zitapanda na watu Weusi waliokaa hapo vizazi kadhaa watalazimika kuhama.